Simu za WhatsApp na kilio cha kampuni za simu

Simu ya nje ya nchi ilikuwa biashara nono. Aliyepiga kutoka Dar es Salaam kwenda London alikatwa salio kila dakika. WhatsApp ilipoanza kupitisha sauti mwaka 2015, na video mwaka uliofuata, mapato hayo yakaanza kuvuja. Siku hizi mtu ananunua bando, anaongea na mwanawe nusu saa, na kampuni inaambulia bei ya megabaiti chache.

Malalamiko ya kampuni si ya kupuuzwa. Ndizo zinazosimamisha minara, kununua dizeli ya jenereta pale umeme usipofika, na kulipia leseni na masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba simu. Tanzania zinachangia pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili mtandao ufike hata vijiji visivyo na faida. Na kijijini mwenye kitochi hana WhatsApp. Simu ya kawaida ikidhoofika, wa kwanza kuumia ni yeye.

Ila dawa ya kufunga mlango imeshajaribiwa, na imeumiza watu. Morocco kampuni zilizima simu za intaneti mwanzoni mwa 2016, wateja wakaja juu, na kabla mwaka haujaisha zikarudishwa. Falme za Kiarabu bado zinazuia simu za WhatsApp na kuruhusu programu zilizoidhinishwa tu, kama BOTIM. Binti wa Tanga anayefanya kazi za ndani Dubai anatuma ujumbe wa sauti, mama yake anausikiliza jioni na kujibu, naye anausikia kesho yake akipata nafasi. Mtoto akiugua nyumbani, hayo si mazungumzo.

Kodi nayo haikufua dafu. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na mitandao mingine. Watu wakakimbilia VPN, programu zinazoficha mtu anatumia mtandao gani. Mwaka wa kwanza zikapatikana bilioni 49.5 badala ya 284 zilizotarajiwa. Mwaka 2021 ikafutwa, intaneti yenyewe ikawekewa ushuru wa asilimia 12.

Kwangu mimi, aliyenunua bando ameshalipia njia. Atakachopitisha humo ni chake. Kama bei haigharimii mnara, ipangwe upya waziwazi. Safaricom ya Kenya imeshapata pa kutokea: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, M-Pesa iliiingizia pesa nyingi kuliko simu za sauti. Kampuni ndogo zisizo na huduma kama hiyo ndizo zinazostahili kusaidiwa, kwa kupunguziwa ada za masafa na kodi za minara.