Kocha wa Thabeet na deni la darasani

Hasheem Thabeet tunamjua. Kijana wa Dar es Salaam, mita mbili na ushee, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Aliyemnoa mpaka akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya Juni 2009, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, ni mzee mmoja wa Massachusetts aitwaye Jim Calhoun, na huyo wengi wetu tulimsikia mara moja tukamsahau. Huko kwao hajasahaulika. Ukitaja jina lake mbele ya mashabiki wa kikapu cha vyuo, nusu watakwambia ni fundi aliyejenga nyumba penye pori, nusu watakukumbusha alivyoondoka akiacha chuo kimefungiwa.

Wote wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala wenyewe hauishi.

Tuanze na ujenzi. Calhoun alifiwa na baba akiwa na miaka 15, akafanya kazi za sulubu, ikiwamo kuchonga mawe na kuchimba makaburi, kabla ya kurudi masomoni. Mwaka 1972 alianza kufundisha chuo cha Northeastern, Boston. Mwaka 1986 akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, kilichopo Storrs, mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Msimu wa kwanza alishinda michezo 9, akapoteza 19. Miaka 13 baadaye, 1999, aliifunga timu ya chuo cha Duke 77–74 kwenye fainali ya taifa. Akatwaa ubingwa tena 2004, na tena 2011, akiwa na miaka 68, timu yake ikiwa imemaliza msimu wa ligi yao kwa kushinda 9 na kupoteza 9. Walipofika mashindano ya mtoano ya ligi hiyo walishinda michezo mitano ndani ya siku tano, kisha sita mingine ya taifa, hawakupoteza hata mmoja. Kati ya haya yote aliugua saratani zaidi ya mara moja, akatibiwa, akarudi benchi. Alipostaafu 2012 alikuwa na ushindi 873.

Ray Allen, Richard Hamilton, Emeka Okafor, Kemba Walker: nyota hawa wa NBA wote walipita mikononi mwake.

Na Thabeet. Huyu alishika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wamekwisha cheza miaka kumi. Alifika Storrs 2006 akiwa na urefu na moyo, basi. Msimu wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoizuia kila mchezo. Mwaka huo, 2009, UConn ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na chuo cha Michigan State. Wapo wanaosema kocha alimfundisha kusimama chini ya goli na kuinua mikono tu, ndiyo maana NBA ilimshinda na ndani ya miezi michache timu yake, Memphis, ikampeleka ligi ya daraja la chini. Mimi lawama hiyo siikubali. Miaka mitatu haitoshi kumalizia kazi iliyoanza kwa kuchelewa, na hakuna aliyemlazimisha Thabeet kuondoka bila kucheza mwaka wa nne.

Februari 2009 ndipo ilipotokea kisa kinachorudiwa mpaka leo. Mchezo umekwisha, UConn imeshinda, waandishi wamekaa. Mmoja anamuuliza Calhoun: jimbo lina nakisi kubwa ya bajeti, wewe ndiye mtumishi wa umma unayelipwa kuliko wote Connecticut, dola milioni 1.6, hutarudisha kidogo? Kocha kwanza anafanya utani. Mwuliza swali haachi. Sauti inapanda, uso unabadilika, na jibu linatoka: harudishi hata senti, timu yake inakiingizia chuo mamilioni. Video hiyo ilizunguka kila mahali. Waliomtetea walisema, kwa nini alaumiwe mtu anayeleta fedha? Kihesabu wana hoja. Lakini mbona hakuna aliyeuliza wale vijana waliokuwa wakijaza uwanja, Thabeet akiwamo, walikuwa wanapata kiasi gani katika mamilioni hayo? Sheria ya ridhaa, iliyokataza wachezaji wa vyuo kulipwa fedha, ilisema malipo yao ni ufadhili: ada, chakula, malazi na elimu.

Mwezi uliofuata ikafichuka kwamba UConn ilivunja kanuni ilipokuwa ikimtafuta mchezaji mmoja: simu na jumbe zilizopita kiwango, na wakala, aliyewahi kuwa mwanafunzi msaidizi wa timu hiyo, kumgharimia kijana. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilitoa hukumu Februari 2011. Calhoun akafungiwa michezo mitatu. Wiki sita baadaye akanyanyua kombe.

Kwa kosa hilo mimi simhukumu sana. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza majina yao kwenye matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa. Ile sheria ya ridhaa iliyolindwa kwa nguvu zote imezikwa na walioitunga.

Lililobaki shingoni mwake ni la darasani. UConn ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa ya 2013 kwa sababu alama za maendeleo ya masomo za wachezaji wa miaka ya Calhoun zilikuwa chini mno. Watetezi wake wanasema kocha si mwalimu wa hesabu, na kwamba Okafor alipata shahada ya fedha kwa miaka mitatu tu chini ya kocha huyohuyo. Wanasema pia adhabu iliwaangukia vijana wasiohusika, wakiwa chini ya kocha mpya, Kevin Ollie. Hili la mwisho ni kweli kabisa, na ilikuwa dhuluma. Lakini kama mshahara wa mchezaji ulikuwa elimu, basi timu yenye alama zile ilikuwa na vibarua ambao hawajalipwa, huku msimamizi wao akigoma kurudisha senti.

Mwaka 2018, akiwa na miaka 76, Calhoun alirudi kufundisha. Alikwenda Chuo Kikuu cha Saint Joseph, palepale Connecticut, kilichokuwa cha wanawake na ndiyo kwanza kinapokea wanaume. Kinacheza daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo. Wachezaji wake wa mwisho walilipa ada kama wanafunzi wengine.