Vigoda vya Kuegemea Bondeni

Masika yaliuangusha mwembe wa mama mkwe huko Kimara, na mimi kwa kiherehere changu nikasema asiitwe fundi, chenso ninayo. Kikao cha harusi ya shemeji ni Jumamosi, viti havitoshi. Basi nitakata magogo, nitoe vigoda 12.

Kigoda cha kwanza, msumeno ulianza wima, ukafika katikati ukakata kona kulia kama bodaboda aliyemwona trafiki. Nikalaumu mkono. Cha pili, kulia. Cha tatu nikaukandamiza kushoto kwa nguvu zote. Ukaenda kulia huku unafuka moshi.

Jumamosi wajomba wakakaa wameinama wote upande mmoja, kama abiria wa daladala kwenye kona. Mjomba mkubwa alipotaja ahadi yake ya laki mbili, akamporomokea jirani yake, na katibu akauliza hiyo laki mbili aiandike kwa nani.

Jumatatu nikaenda Kariakoo kununua cheni mpya. Ikakata kulia vilevile, ila kwa kasi zaidi.

Ndipo nikampigia fundi mmoja wa Keko. "Bosi, huo ni upanga," akasema.

"Upanga gani? Mimi niko Kimara."

Kumbe anamaanisha lile bapa la chuma ambalo cheni hulizunguka. Nikampelekea. Akaomba rula, nilikuwa nayo ya mwanangu ya shule. Akailaza ubavuni, ikagusa jino la cheni na bapa kwa pamoja. "Bapa likiwa zima, hapa kati ya rula na bapa lazima uone mwanya. Wewe rula imelala chali. Cheni yako imelewa." Kweli, alipoisukuma kwa kidole ilipepesuka huku na huku: mfereji wa bapa ambamo cheni hupita ulishapanuka, na ukingo wa upande mmoja ulikuwa mfupi kuliko wa pili. Kingo zenyewe zilikuwa zimeota makali, nikajikata kidole kwa kuonyesha. Tundu la oili nalo limezibwa na vumbi la mbao. Ule moshi nilidhani ni ubichi wa mwembe.

"Ulikuwa unaligeuza?" akauliza.

"Kuligeuza vipi?"

"Juu chini. Kila ukibadilisha au kunoa cheni, unaligeuza, pande zote zilike sawa."

Hapo nikakaa kimya. Kwa sababu miaka mitatu iliyopita shemeji aliniazima ile chenso, akairudisha maandishi ya bapa yako kichwa chini. Nikamcheka mbele za watu kwamba hajui kufunga kitu. Nikalirudisha maandishi yasomeke, na tangu hapo kila nikilifungua kulisafisha nahakikisha yanasomeka. Nilikuwa mwangalifu kweli.

Fundi akasema mfereji uliopanuka hivyo hautibiki kwa tupa. Nikanunua bapa jipya, la zamani nikampa muuza skrepa.

Juzi mama mkwe kapiga simu. Uwanja wake una mteremko, kaviweka vigoda vile upande mfupi uelekee mlimani, na vimekaa sawasawa kama sakafu ya msikiti. "Baba, jirani yangu wa hapo chini kavipenda, anataka sita. Lakini viwe hivihivi, visinyooke."

Nimekata viwili mpaka sasa. Vyote vimenyooka. Namtafuta muuza skrepa.