Mnavu tena? Ndiyo, mnavu tena

Jana jioni mwenzetu mmoja ameandika kwenye kundi la kapu (sisi tuliomlipa mama mkulima mwanzo wa msimu, naye atuletee mazao ya shamba lake kila wiki) kwamba anajitoa na anataka arudishiwe hela yake. Sababu: wiki mbili mfululizo kaletewa mboga za majani, mnavu na loshuu, pamoja na ndizi mshare za kupika, nyanya hakuna. Akamalizia, "Tunalipa hela yetu, tunalishwa majani." Nilikasirika, na mpaka sasa sijapoa.

Jamani, tuko katikati ya masika. Mvua za Kibosho za mwezi wa nne mnazijua. Nyanya iliyo shambani wazi inapigwa ukungu, majani yanatoka madoa ya kahawia, baada ya siku chache mche mzima umeungua. Ili ivuke hapo, mkulima apulize dawa, mvua ioshe, apulize tena. Na ni sisi tuliomwomba mama yule asipulize. Tulimlipa mwanzo wa msimu ili apate mbegu, samadi na hela ya vibarua bila kukopa, tukakubaliana tutakula kile shamba litakachotoa. Leo tunadai nyanya za soko la Mbuyuni kwenye shamba lisilopigwa dawa! Hiyo si haki.

Halafu hilo kapu lina ubaya gani? Wanaosema mnavu ni mchungu wengi wanauharibu wenyewe jikoni. Chambua majani na ncha laini, acha vijiti. Chemsha kidogo, mwaga maji ya kwanza. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia mnavu, chumvi, kisha maziwa, uache yachemke taratibu mpaka yapungue na kushika majani. Ukiwa na karanga za kusaga, weka badala ya maziwa. Nyanya haina kazi hapo. Loshuu ndiyo rahisi zaidi: ikate nyembamba, ikaange harakaharaka, usiifunike ikapoteza rangi.

Na mshare! Mtu wa Moshi anakosaje cha kupika akiwa na mshare? Kuna mtori. Kuna kiburu: maharage yaive kwanza, ndizi zifuate, magadi kidogo, sufuria moja, watu wameshiba. Bibi zetu wamelea familia kwa vyakula vya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, na kiburu chao hakikungoja nyanya wala hoho. Inaniuma kuona tumefika mahali ambapo mtu ana kapu limejaa mezani na anaona nyumba haina mboga, kwa sababu tu kila kitu amezoea kukianza kwa kukaanga nyanya.

Nakubali, kuchambua mnavu kunakula muda, na anayefika nyumbani saa mbili usiku na watoto wana njaa ana haki ya kulalamika. Na mama angetutumia ujumbe siku moja kabla, tujue kinachokuja. Hayo yanazungumzika.

Kuvunja makubaliano katikati ya msimu hakuzungumziki. Hela anayoidai haiko kwenye simu ya mama. Imeshaingia ardhini, kwenye maharage na karoti zinazopaliliwa wiki hii. Akirudishiwa yeye, kuna kibarua atarudi nyumbani bila malipo. Anayetaka kutoka atoke msimu ukiisha, kwa heshima. Na kapu lake la Ijumaa, kama halitaki, aniambie tu: nitalichukua mimi, na nitamlipa yeye hela ya wiki hiyo.