Kifaru mwenye pembe mgongoni

Mimi nachora logo na kuprinti tisheti hapa Nakuru, na usiku bando likibaki naingia kwa saiti za makumbusho za nje kutafuta michoro ya kitambo. Ile Met ya New York pekee ilifungua picha zaidi ya 375,000 mwaka wa 2017, unadaunlodi bure, na bado nakutana na wachoraji wazuri sana wa hapa mjini ambao hawajawahi kuambiwa.

Sasa kuna timu ya mpira ya mtaa ilikuja ikitaka kifaru kwa jezi. Kifaru na Nakuru, hapo hakuna mjadala, mbuga iko hapo tu. Walikuwa na haraka kwa hivyo nikavuta picha kwa intaneti, nikachora nikiifuata, nikaprinti sampuli. Mzee mmoja aliyefanya kazi mbugani miaka mingi alikuwa amekaa kwa benchi nje akingoja kijana wake, akaishika ile jezi, akaigeuza kwa mwanga, akaniambia, "Kijana, huyu si wetu. Huyu ana pembe moja."

Na ni ukweli. Nilikuwa nimechora kifaru wa India. Wetu, mweusi na mweupe wote, wana pembe mbili, na ngozi yao haina yale makunjo makubwa kama mabati yamepangwa. Iliniuma, maana hawa wanyama nimekua nao karibu hivi. Usiku nikaanza kutafuta watu wa zamani walimchoraje kifaru, na ndio nikakutana na Dürer.

Albrecht Dürer alikuwa mchoraji wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 1515. Mwezi wa tano mwaka huo meli ilifika Lisbon na kifaru kutoka Gujarat, India, zawadi ya sultani, imezunguka Afrika yote na mnyama ndani, na Ulaya hawakuwa wameona kifaru hai tangu enzi za Warumi. Dürer hakwenda Lisbon. Alipata tu barua na mchoro wa haraka haraka, basi akachora, ikachongwa kwa ubao, ikapigwa chapa kwa karatasi karibu saizi ya A4.

Fungua ile faili kubwa kabisa halafu uzuum polepole, usiiangalie kwa thambneli. Mwili ni mabamba ya chuma kama nguo ya askari wa vita. Miguu ina magamba. Maandishi ya juu yanasema rangi yake ni ya kobe mwenye madoadoa, na kwamba ni adui mkubwa wa ndovu. Na pale juu ya mabega, mahali ambapo kifaru yeyote hana kitu, kuna kapembe kadogo kamejipinda kama skrubu. Sasa angalia masikio, yale manyoya pembeni, moja moja. Mtu hajawahi kumwona huyu mnyama lakini amechora kila unywele kwa heshima. Ndio maana nakasirika nikiona watu wameposti huu mchoro bila jina na bila mwaka, ati tucheke wazee walivyokosea.

Kinachonisumbua zaidi ni kilichofuata. Mwaka huohuo wa 1515 Hans Burgkmair wa Augsburg alichora kifaru huyohuyo, na wake anafanana zaidi na mnyama wa kweli, hana yale mabamba yote ya chuma, na miguu ya mbele imefungwa kamba, unaona kabisa ni mfungwa. Leo imebaki nakala moja tu, iko makumbusho ya Albertina kule Vienna. Ya Dürer ikasambaa kila mahali, vitabu vikainakili zaidi ya miaka 200, kapembe ka mgongoni na yote, kwa sababu kunakili ni rahisi kuliko kwenda kuangalia, na kwa kweli ilikuwa na mvuto kuliko mnyama mwenyewe. Ni mpaka kifaru jike anaitwa Clara alipofika Uholanzi 1741, akazungushwa Ulaya miaka mingi, mchoraji Mfaransa Oudry akamchora Paris 1749 akiwa mbele yake, ndio watu wakaanza kurekebisha. Yule wa Lisbon hakuishi kuona hayo. Mapema 1516 alikuwa anapelekwa kwa Papa, meli ikazama karibu na Italia, na alikuwa amefungwa minyororo, hangeweza kuogelea.

Kwa hivyo sisi wa kazi ya michoro tusome michoro ya zamani tukijua ni nani alichora na alikuwa anaangalia nini, lakini ikifika ni mnyama wa hapa nyumbani, tumwangalie mwenyewe. Jezi nilirudia. Nililipa kiingilio, nikakaa karibu na ziwa na daftari mpaka nikapata ile pembe ya pili inavyokaa nyuma ya ya kwanza, fupi kidogo.

Dürer nimemprinti A3, yuko kwa ukuta wa duka. Yule mzee alirudi wiki iliyopita kuchukua jezi ya mjukuu, akamwangalia muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaweka kidole pale mabegani. "Pembe ya pili ilikuwa," akasema. "Ni mahali tu hawakumwambia."