Mashine yenye jina la mbwa koko

Siku hizi kampuni ikitaka jina, hulipa washauri. Einari Vidgren hakuwa na haja hiyo. Kijijini kwao Vieremä, nchini Finland, kulikuwa na mbwa koko wa kuwindia aliyeitwa Ponsse, na mashine ya kwanza ya kusomba magogo aliyoiunda mwenyewe ikabeba jina hilo hilo. Mwaka 1970 likawa jina la kampuni. Leo limeandikwa ubavuni mwa mitambo inayofanya kazi kwenye misitu ya mabara kadhaa, na sijui wangapi kati ya madereva wake wanajua wanaendesha mbwa.

Vidgren hakuwa mhandisi. Alikuwa mkata miti, kisha mkandarasi wa kusomba magogo, na shida yake ilikuwa moja: mashine za wakati ule zilimvunjikia kazini. Mashine ikilala msituni, magogo hayatoki, na mkandarasi halipwi. Ndipo alipojifungia kwenye karakana ya kijiji na kuunda ya kwake. Kazi ya mashine hiyo ni rahisi kuieleza: inapita pale miti ilipokatwa, inaokota magogo kwa mkono wa haidroliki, inayapakia mgongoni na kuyatoa hadi barabarani bila kuyaburuta chini. Ugumu ni ardhi. Sehemu kubwa ya misitu ya Finland imekaa juu ya udongo tepetepe, na mtambo mzito huzama, ukaacha mitaro na kujeruhi mizizi ya miti iliyobaki. Kwa hiyo kuongeza vyuma peke yake hakusaidii. Lazima mtambo uwe imara na bado uwe mwepesi. Mtu aliyewahi kukwamua mashine kwenye tope haambiwi hilo na mtu. Mwaka 1983 kampuni ilitoa S15, ambayo baadhi ya sehemu zake zilikuwa za alumini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mashine iliyoifanya Ponsse kuwa Ponsse.

Sasa nifike kwenye jambo linalorukwa kila hadithi hii inaposimuliwa. Watu husema: tazama, kampuni ya familia, imedumu tangu 1970. Haikudumu hivyo. Mwaka 1988 Vidgren aliiuza. Kwa miaka mitano kampuni haikuwa ya familia hata kidogo, na katikati ya miaka hiyo uchumi wa Finland ukaporomoka vibaya, hasa baada ya biashara na Muungano wa Kisovieti kukatika. Mwaka 1993, huku nchi ikiwa bado hoi, mzee akarudi kuinunua. Miaka miwili baadaye akaipeleka kwenye soko la hisa la Helsinki.

Ndiyo maana sina subira na wanaosifu biashara za familia kana kwamba damu ndiyo inayolipa madeni. Mwanzilishi mwenyewe aliuza! Kilichonivutia ni kwamba alinunua tena wakati ambao mtu mwenye akili za kihasibu angekaa mbali. Kurithi ni bahati. Kununua kitu chako mara ya pili, ukiwa umeshaona kila kasoro yake, ni uamuzi.

Miaka iliyofuata majina mengine ya fani hii yalikuwa yakimezwa na makampuni makubwa: Timberjack ilichukuliwa na John Deere mwaka 2000, na mitambo ya misitu ya Valmet ikaishia kwa Komatsu mwaka 2004. Siwalaumu waliouza, wanunuzi hao walikuwa na mtaji, na mitambo yao bado ni mizuri. Lakini Ponsse ilibaki na uwezo wa kuamua mambo yake ikiwa Vieremä, mahali penye watu wasiofika 5,000.

Vidgren alifariki mwaka 2010. Wanawe wanne wakabaki na sehemu kubwa ya hisa, na mwenyekiti wa bodi akatoka miongoni mwao, ingawa shughuli za kila siku ziko mikononi mwa mkurugenzi asiye wa ukoo. Kiwanda hakijahama. Mtambo mpya ukitoka mlangoni Vieremä, msitu haupo mbali.