Wimbo Uliowataja Wote

Nimeitazama mara mbili Soundtrack to a Coup d'Etat, filamu ya makala ya Mbelgiji Johan Grimonprez iliyotoka mwaka 2024. Ni saa mbili na nusu za jazi, rumba na njama zilizommaliza Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Mara zote mbili nimelala na wimbo mmoja kichwani: Indépendance Cha Cha.

Wimbo huo naujua tangu utotoni. Baba mkubwa alikuwa na santuri yake pale Kigoma, na kila akiiweka aliinua kidole jina likipita. "Huyo Kasavubu. Huyo Lumumba. Huyo Tshombe." Kilingala hatukukijua, lakini majina tuliyashika. Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz waliutoa Brussels, Januari 1960, wanasiasa wa Kongo walipokwenda kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kudai uhuru. Wakawataja wakubwa hao na vyama vyao, kama mshereheshaji wa harusi anavyotaja wazee wa pande zote asije akamsahau mtu. Mwaka haukutimia. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alipigwa risasi Katanga, jimbo ambalo Tshombe alikuwa amelitangaza kuwa nchi yake, lenye shaba na ile urani ya mgodi wa Shinkolobwe iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima. Majina mawili ya wimbo mmoja!

Linaloniuma zaidi katika filamu ni la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi wa Marekani. Mwaka 1957 aligoma kwenda Umoja wa Kisovieti kwa niaba ya serikali yake, kwa hasira ya watoto weusi waliozuiwa kuingia shuleni Little Rock, mji wa kusini mwa Marekani. Miaka mitatu baadaye akaja Afrika kwa ziara iliyogharamiwa na Pepsi-Cola na serikali hiyohiyo. Mwishoni mwa Oktoba 1960 Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikampokea kwa ngoma, akabebwa juujuu kwenye kiti. Katika mji huohuo Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake, kazungukwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na nyuma yao askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuwa amemwondoa madarakani. Armstrong simlaumu. Alikuja kupiga tarumbeta, na watu walimpenda kweli. Lawama nawapa waliomtuma.

Kwa filamu yenyewe nina neno. Inakwenda mbio mno, na jazi ya Marekani imekalia kiti cha mbele. Wanajazi Max Roach na Abbey Lincoln, walioingia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Februari 1961 kupigia kelele kifo cha Lumumba, wanastahili kila sekunde waliyopewa. Lakini kwetu habari za Kongo zilivuka ziwa zikiwa ndani ya rumba, kwa redio na kwa santuri, hadi kwa watu wasiowahi kushika gazeti. Nilitamani Grimonprez atulie hapo, hata dakika tano tu.

Baba mkubwa, likifika jina la Lumumba, alikuwa hakishushi kidole mpaka gitaa la Dokta Nico liingie.