Westphalia tunaijua, Kongwa je?

Wiki iliyopita hapa The Hague, mwanafunzi mwenzangu, Mholanzi, kasimama mbele ya semina na kutueleza habari za Kongwa. Kongwa hii hii yetu ya mkoani Dodoma, ya kushukia Mbande. Jina lenyewe linampiga chenga, lakini ramani anayo, na nyaraka anazo. Anajua mpaka stesheni ya reli waliyoiacha Waingereza mradi wao wa karanga ulipokufa, na jinsi pale pale palivyogeuka kambi ya wapigania uhuru mwaka 1964. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola, wote walipita pale. Darasa zima likanigeukia.

La kusema nilikuwa nalo, ila nilikuwa nimelipata kwa bibi yangu, aliyekuwa akiwauzia maziwa vijana wa kambini. Shahada yangu ya uhusiano wa kimataifa nimeisomea Dodoma. Westphalia 1648, ile mikataba ya amani ya Ulaya, niliikariri mpaka nikawa naiota, lakini hakuna siku tuliyopandishwa basi kwenda Kongwa, mwendo usiofika hata saa mbili.

Hapo ndipo ninapokereka. Huku wanaanzia mlangoni kwao. Kasri la Amani, makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, unalifikia kwa baiskeli. Unaambiwa kasikilize kesi, halafu rudi ubishane na mhadhiri. Na mahakama hiyo hiyo, Julai 1966, ndiyo iliyoitupa kesi ya Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini kuhusu Namibia. Mwezi uliofuata SWAPO wakaingia vitani, na wapiganaji wao wa kwanza walikuwa wamepitia Kongwa! Habari ni moja: nusu yake iko hapa, nusu iko kwetu Ugogoni. Nusu ya huku inafundishwa hadi nukta ya mwisho.

Najua yanayokuja. "Kaenda juzi tu, keshatuona washamba." Jamani, mimi nimekulia kwenye vumbi lile lile. Walimu wangu siwadharau hata kidogo. Mtu ana wanafunzi mamia ukumbini, spika inakoroma, mjadala ataanzia wapi? Na mwanafunzi ambaye bumu, pesa ya mkopo, halijaingia anawaza atakula nini. Huku nako si peponi. Kodi ya chumba inatoa machozi, na wapo wanaoijadili Afrika muhula mzima bila kumuuliza Mwafrika aliyekaa pembeni yao.

Ila madesa, yale makaratasi ya kukariria mtihani, siwezi kuyatetea. Letu tulilirithi kwa kaka zetu waliomaliza, lina mafuta ya chipsi kwenye ukurasa wa Vita Baridi, na mtihani ukatoka humo humo. Uliza sasa ilikuwaje Tanzania, nchi changa na maskini, ikavunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wazungu walijitangazia uhuru. Wa kwanza kukugunia si mhadhiri, ni wenzako: "Kaa chini bwana, hiyo haitoki." Haitoki! Ujasiri ambao huku watu wanauandikia tasnifu, kwetu hautoki kwenye mtihani.

"Basi rudi ufundishe wewe." Nikipata nafasi, nitarudi. Lakini hili halimngoji mtu wa Ulaya. "Hakuna bajeti." Bajeti ya nini? Wazee waliowaona wale vijana bado wapo, wachache, na wanaongea Kiswahili, hawahitaji mkalimani. Basi la chuo likipeleka timu kwenye bonanza Morogoro linapita pale pale Mbande. Likikata kona siku moja halitapata pancha.